Mitandao ya Kazi: Kujulikana Si Kuaminiwa

Barabara ya Jogoo, itokayo katikati ya jiji la Nairobi kuelekea mashariki, zama za ukoloni iliitwa Doonholm. Jina hilo lilikuwa la shamba la mlowezi mmoja wa Kiskoti, James Kerr Watson. Mlowezi amekwenda zake, shamba limekwisha, barabara imepewa jina jingine, na lile la kale limebaki kwa mtaa tu, tena limepungua herufi moja: Donholm. Mtaa huo uko pale barabara ya Jogoo inapokutana na ile ya Outer Ring, jirani ya Buruburu, Umoja na Savannah. Wakazi wake wengi ni watu wa mishahara: makarani, waalimu, wauguzi, wahasibu na mafundi wa kompyuta, pamoja na wale waliozisomea kazi hizo na bado hawajazipata.

Ukipanda matatu ya alfajiri kutoka hapo kwenda mjini, utawaona abiria wameinamisha vichwa juu ya simu zao. Usidhani kila mmoja anatazama mpira au anasoma porojo. Wako wanaotafuta kazi, na wako wenye kazi wanaotafuta iliyo bora zaidi. Wanafanya hivyo katika tovuti za intaneti zilizoundwa mahususi kwa ajili ya watu wa kazi kujuana, na iliyo mashuhuri kuliko zote huitwa LinkedIn.

Huenda msomaji akauliza, jambo hili la kompyuta limeingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Limeingia kwa mlango wa mbele. Kujuana, kutambulishana, kupeana sifa na kudhaminiana ni mambo ya utamaduni tangu na tangu. Sisi watu wa Pwani tumeyatenda barazani, msikitini, bandarini na katika majahazi kabla hapajakuwa na waya wala umeme. Leo mambo hayo yamehamia mahali pengine, na yafaa tujue tumepata nini katika kuhama huko na tumeacha nini nyuma.

Watu wa Pwani na Donholm

Na Donholm yatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani. Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka Mombasa ilianza kubeba abiria hadi Nairobi, na mwanzoni mwa 2018 ikaanza kubeba mizigo. Makontena mengi ambayo zamani yalifunguliwa na kulipiwa ushuru Mombasa yakawa yanapelekwa moja kwa moja katika bohari kubwa la Embakasi, ambalo si mbali na Donholm. Kazi iliyokuwa ikilisha nyumba nyingi za Mombasa ikapanda reli pamoja na mizigo. Watu waliandamana, maneno yakasemwa, lakini mwenye watoto hangoji maandamano yaishe. Mawakala wa forodha na makarani wao wakaifuata kazi ilikokwenda, wakapanga nyumba katika mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Baadhi ya waliohama wakarejea. Wengine watoto wao walikuwa wamekwisha kuingia skuli za Nairobi, au walikuwa wamepata shughuli nyingine, wakabaki. Kwa hiyo ukisali laasiri katika mitaa hiyo leo, usistaajabu ukisikia nyuma yako mtu akitoa salamu kwa lafudhi ya Kibokoni au Likoni.

Kijana mmoja wa Likoni niliyezungumza naye Donholm, aliyekuwa karani wa forodha na sasa anatafuta kazi ya kusimamia maghala, alinieleza hali ilivyo. “Ami,” alisema, “siku hizi ukizunguka na bahasha mkononi, mlinzi wa getini atakurudisha. Watakuuliza, uko kwenye mtandao? Kama huko, ni kama hujazaliwa.”

Nikamuuliza, “Na wewe umezaliwa?”

Akacheka. “Nimezaliwa, ami, lakini bado sijatembea.”

Mitandao hii ni kitu gani?

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, tuieleze kidogo. LinkedIn iliasisiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2002 na Reid Hoffman pamoja na wenzake, ikafunguliwa kwa watu wote mwezi wa Mei 2003. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 26, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba wanachama wake wamepita bilioni moja. Hapa kwetu Kenya ziko tovuti nyingine za matangazo ya kazi, kama BrighterMonday ambayo ilianza mwaka 2006.

Mtu akijiunga hupewa ukurasa wake. Huandika jina lake, mahali alikosoma, kazi alizozifanya na ujuzi alio nao, na akipenda huweka picha. Kisha huwaomba watu anaowajua wafungamane naye, na kila anayekubali humfungulia njia ya kuwaona watu wengine ambao yeye hawajui. Wenye kampuni na wanaoajiri hupita humo wakitafuta watu, kama mnunuzi anavyopita sokoni. Kurasa hizo za kawaida hazilipiwi. Kampuni hupata fedha zake kutoka kwa waajiri wanaolipa ili wawapate watu, kwa matangazo ya biashara, na kwa wanachama wanaotaka huduma za ziada. Yaani bidhaa inayouzwa katika soko hilo, kwa kiasi kikubwa, ni habari za watu wenyewe.

Kasi ya intaneti iliyofanya mambo haya yawezekane kwetu ilipitia Mombasa. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari uitwao TEAMS ulifika Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwaka huo huo ukafika mwingine, SEACOM. Bahari ile ile ambayo majahazi yalikuwa yakija kwa pepo za kaskazi yakileta tende na kurudi kwa kusi yakichukua boriti, leo imelaza kitandani mwake nyaya zinazobeba wasifu wa vijana wetu.

Faida: aliyekuwa hana mtu

Tusipendelee mno mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Kujuana kwa zamani kulikuwa na wema wake na ubaya wake pia. Wazee waliofanya kazi bandarini Mombasa kabla ya ajira za kudumu wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi vibarua walivyojikusanya asubuhi kungojea serahangi achague watu wa genge lake. Aliyejulikana na serahangi alikwenda kazini. Asiyejulikana alirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama mabega yake yalikuwa na nguvu kuliko ya wenziwe. Na hayo hayakuisha bandarini. Hadi leo, mtu akisikia pana nafasi ya kazi katika ofisi fulani, swali lake la kwanza si “wanataka ujuzi gani,” bali “nani yuko pale?” Na akiambiwa hapana mtu, huongeza la pili: “Wataka kiasi gani?”

Kwa aliyelelewa katika hali hiyo, mtandao ni nafuu kubwa. Binti mmoja wa Mombasa anayekaa Donholm kwa shangazi yake alinipa ushuhuda wake. Amesomea uhasibu, baba yake alikuwa fundi cherehani. “Mimi sina mjomba bandarini wala shangazi wizarani,” aliniambia. “Niliandika maombi mpaka karatasi zikanichoka.” Hatimaye akajiunga na mtandao, na badala ya kulia kwamba anatafuta kazi, akawa kila wiki anaandika maelezo mafupi, kwa lugha nyepesi, juu ya makosa ambayo wenye maduka madogo huyafanya katika hesabu zao za kodi. Miezi ikapita. Siku moja msimamizi wa kampuni ambaye hakumjua kabisa akamwandikia kumwita kwa mahojiano. Leo ana kazi. Hakumhonga mtu, wala hakuna aliyemuuliza yeye ni wa kabila gani.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1973 mwanachuoni wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala yaliyokuja kuwa mashuhuri. Alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi humfikia mtu kutoka kwa wale anaojuana nao kwa mbali kuliko kwa marafiki zake wa chanda na pete. Sababu yake si ngumu. Ndugu na rafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnakaa baraza moja. Mtu wa mbali hukaa baraza nyingine, na huko husikia yasiyokufikia. Mwaka 2022 wachunguzi wengine walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa muda wa miaka mitano, juu ya watu zaidi ya milioni 20. Yaliliunga mkono neno hilo la Granovetter: wanaojuana kwa wastani, si wa karibu sana na si wageni kabisa, ndio waliowasaidia watu zaidi kuhamia kazi mpya.

Basi faida ya kwanza ya mtandao ni kwamba humpa maskini wa jamaa watu wa kujuana nao kwa mbali. Ya pili ni kwamba masafa hayahesabiwi. Aliye Donholm aweza kuonekana na aliye Muscat, Dubai au Toronto, na Mswahili aliyehamia huko aweza kumwona kijana wa kwao bila kungoja arusi au msiba uwakutanishe. Ya tatu ni elimu. Msomaji makini hupata humo mazungumzo ya mabingwa wa kazi yake, bure, na akajua ufundi unakwenda wapi kabla haujampita.

Hasara: soko lisilo na mwenyewe

Walakini asali hiyo ina nyuki wake, na wa kwanza ni kujisifu. Mahali ambapo kila mtu amealikwa ajitangaze, mkweli huonekana mnyonge. Karani huwa “mtaalamu,” aliyefanya kazi miezi mitatu huwa “mzoefu,” na aliyehudhuria semina ya siku mbili huandika kana kwamba amehitimu chuo kikuu. Tusiseme uongo huo umeletwa na kompyuta. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba uchunguzi katika ofisi za serikali na mashirika yake ulifichua watu 2,067 wenye vyeti vya kughushi, na vyeti hivyo ni vya karatasi. Tofauti ni kwamba aliyeghushi karatasi alihitaji fundi wa kughushi, na anayeghushi ukurasa wa mtandao hahitaji mtu. Hata kule kusifiana kumekuwa rahisi mno. Kwa kubonyeza mara moja, mtu hushuhudia kwamba fulani ni hodari wa jambo ambalo hajamwona akilitenda, naye fulani hulipa fadhila kwa kubonyeza vivyo hivyo.

Nyuki wa pili ni matapeli, na huyu huua. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaonya vijana juu ya matangazo ya kazi nzuri nchini Thailand yaliyokuwa yakienea katika intaneti. Walioitikia walivushwa mpaka wakaingizwa Myanmar, wakanyang'anywa hati zao za kusafiria, wakalazimishwa kukaa mbele ya kompyuta kuwatapeli watu wa nchi nyingine. Mwaka 2025, maelfu ya watu walipotolewa katika kambi za namna hiyo karibu na mpaka wa Thailand, walikuwamo Wakenya pia. Wengi wao hawakuwa wajinga. Walikuwa vijana waliosoma, wanaojua Kiingereza na kompyuta, nao walitakiwa kwa sababu hiyo hiyo. Hapa nyumbani uko utapeli mdogo wa kila siku: tangazo lenye nembo ya kampuni kubwa, mahojiano ya simu ya dakika tano, kisha ombi la shilingi elfu mbili au tatu zitumwe kwa M-Pesa “za fomu” au “za daktari.” Zikisha kutumwa, simu huzimwa.

Nyuki wa tatu ni kuanikwa. Habari zako ukiziweka sokoni, huchagui nani azishike. Mwaka 2012 wezi waliingia katika hazina ya LinkedIn, na mwaka 2016 ikadhihirika kwamba maneno ya siri ya wanachama zaidi ya milioni 100 yalikuwa yakiuzwa. Na yale majaribio niliyoyataja, yaliyohusu watu milioni 20, wengi wa watu hao hawakujua kama wanajaribiwa. Mfumo uliwapendekezea wengine watu wa karibu na wengine watu wa mbali, na huenda mtu akakosa nafasi kwa kuwa alitiwa fungu hili badala ya lile. Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo ni ngao nzuri, lakini ngao haimsaidii aliyejivua mwenyewe nguo.

Kwa wanawake kuanikwa huku kuna uchungu wa pekee. Yule binti mhasibu alinieleza kwamba katika kila ujumbe kumi aliopokea mwanzoni, kadhaa havikuhusu uhasibu. Wako waliomsifia macho, na mmoja, mtu mzima, alimposa kabla hajamuuliza jina la baba yake. Alilipima jambo lake, akaweka picha yenye hijabu na sura ya kikazi, akaondoa namba ya simu, na wasiomjibu kwa adabu akawafungia mlango. “Shangazi alitaka nijitoe kabisa,” alisema. “Nikamwambia, shangazi, hata sokoni Marikiti wako wenye midomo michafu, na bado twenda kununua nazi.”

Nyuki wa nne hasemwi sana, naye ni ubaguzi wa kimyakimya. Mitandao hii imeelekezwa kwa watu wa ofisini, na mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Fundi wa Lamu awezaye kuunda jahazi kwa macho bila ramani, mpishi wa Malindi awezaye kulisha arusi ya watu elfu, msusi wa ukili, mchongaji wa milango: hawa ujuzi wao haumo katika orodha ya kubonyeza. Tukiacha kila tambulisho lipitie mtandaoni, tutakuwa tumeamua kwamba asiyejua kuandika sifa zake hana sifa.

Kipimo cha Sayyidna Umar

Turudi sasa kwenye swali la msingi. Mtandao unamfanya mtu ajulikane. Je, unamfanya aaminiwe?

Wanavyuoni wanasimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia hamjui, amlete anayemjua. Akasimama mwingine akasema yeye anamjua, na kwamba ni mtu mwadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: kama ni jirani yake wa karibu anayejua usiku wake na mchana wake, kama amepata kufanya naye biashara ya fedha, na kama amepata kusafiri naye. Kila swali mtu yule alijibu hapana. Umar akamwambia basi hamjui.

Kisa hiki wengi wetu tulikisikia chuoni tungali wadogo, na sikioni kingine kinachozikadiria vyema sifa za mtandaoni. Mtu ana watu elfu tano waliofungamana naye. Wangapi ni jirani zake? Wangapi wamepeana naye fedha, zikarudi kwa wakati? Wangapi wamesafiri naye wakamwona akiwa na njaa na amechoka? Pengine watano. Hao watano ndio wanaomjua. Waliobaki wamemwona.

Mdhamini wa zamani alikuwa na kitu cha kupoteza. Mzee wa mtaa akimpeleka kijana kwa mwenye duka akasema “huyu ni mwanangu, mchukue,” alikuwa ameweka rehani jina lake. Kijana akiiba, mzee hakuweza tena kupita mbele ya duka lile bila kuinamisha uso. Ndiyo maana alifikiri kabla ya kusema. Ubaya wake ulikuwa kwamba alimfikiria wa kwao peke yake, na mtoto wa jirani akakaa nje. Mtandao umeuondoa ubaya huo kwa kumfungulia kila mtu mlango, lakini pamoja nao umeondoa na ile rehani. Anayebonyeza hapotezi kitu.

Hapo ndipo nionapo kazi yetu ilipo. Mlango mpya tuutumie, na rehani ya zamani tuirudishe.

Kwa anayetafuta

Kwa kijana anayetafuta, maana yake ni hivi. Andika lile ambalo ukiulizwa kesho utalionyesha. Wape watu sampuli ya kazi yako kama yule binti, kwa kuwa kazi inayoonekana haihitaji vumbi la sifa. Katika Kurani Tukufu, Musa alipofika Madyan mkimbizi asiyejulikana na yeyote, aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili kabla hapajatajwa ujira. Mmoja wao aliposhauri baba yake amwajiri, alimtaja kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu, na alikuwa amekwisha kumwona kazini.

Usimtaje mtu kuwa mdhamini wako kabla ya kumwomba ruhusa. Tangazo likikutaka fedha, lipe mgongo. Kazi ya ng'ambo ikija kupitia wakala, kwanza uliza katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, kama wakala huyo amesajiliwa. Kisha mtafute mtu mmoja, mmoja tu, aliyepelekwa na wakala huyo na akarudi salama, umsikie kwa masikio yako. Na mzazi ambaye hajui kompyuta asione haya kuuliza, maana anayajua maswali ya Umar, ambayo hayahitaji kompyuta.

Nimempa kijana wa Likoni ubeti huu, nami nawapa wengine:

Mlango ukifunguka, usiingie kwa pupa,
Simama kwanza kumbuka, wapi mguu watupa,
Wengi walioitika, mwisho walitoka kapa,
Sifa ukizitamka, ni deni la kulilipa.

Kwa aliyekwisha kupata

Lakini neno langu la mwisho si la wanaotafuta. Ni la waliokwisha kupata, wenye viti Nairobi, Mombasa, Muscat na London, ambao kila siku hupokea ujumbe kutoka kwa vijana wasiowajua na kuupita bila kuufungua.

Nabii Yusuf alipokuwa gerezani aliwafasiria ndoto wafungwa wawili. Yule aliyemdhania ataokoka alimwomba ombi dogo: amtaje kwa bwana wake. Alitaka atajwe tu. Mtu yule akatoka, akarudi katika neema, shetani akamsahaulisha, na Yusuf akakaa gerezani miaka mingine. Haikuwa kwamba Yusuf hakujulikana. Mtu mmoja mwenye kuingia kwa mfalme alimjua vizuri, tena alikuwa amelala naye chini ya dari moja na kuonja faida ya elimu yake. Alimsahau. Mpaka mfalme alipoota ndoto yake ya ng'ombe saba, ndipo akakumbuka. Na Yusuf alipoitwa hakutoka mbio. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe na jina lake lisafishwe, na baada ya hapo ndipo akaueleza ujuzi wake na kuomba kazi ya kusimamia hazina. Kujisifu kwake kulikuja nyuma ya ushahidi, na nchi nzima ikaokoka na njaa.

Kila mwenye kazi leo alipata kutajwa na mtu. Huenda alikuwa maalim wake, au jirani, au msimamizi ambaye hakumjua akasoma barua yake hadi mwisho. Basi ujumbe wa kijana ukikufikia, hata kama huna kazi ya kumpa, msome, mjibu, mwambie ukweli. Ukimjua kwa vipimo vile vitatu, mtaje mbele ya wanaoajiri na uliweke jina lako rehani. Usipomjua, muulize maswali mpaka umjue. Hayo hayachukui muda mrefu kuliko kuvuka Outer Ring jioni, na Donholm peke yake wamo vijana wanaoyangojea.